Kiti cha Magurudumu Hakimfundishi Mtu Kuishi

Ipo hoja iliyokubalika kiasi kwamba hakuna anayejisumbua kuitetea. Inasema kijana mwenye ulemavu amekwama kwa kukosa vitu viwili, kifaa na mtaji. Mpe kiti cha magurudumu, fimbo nyeupe au shimesikio. Mpe mkopo wa halmashauri. Mwingize kwenye semina ya ujasiriamali ya siku tatu. Halafu mwache ajitegemee. Akishindwa baada ya hapo, basi ndivyo alivyo. Kila tarehe 3 Desemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1992 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, hoja hii hutandikiwa zulia. Mgeni rasmi anakabidhi viti, kamera zinapiga, msemaji anatangaza kwamba ulemavu si kushindwa, makofi, soda, watu wanatawanyika. Kijana anasukumwa hadi nyumbani na mdogo wake, kiti kinaegeshwa kando ya kabati, na maisha yanaendelea yalivyokuwa.

Sina ugomvi na vifaa. Asiye na kiti anatambaa, na hakuna mwenye haki ya kumwambia asubiri. Ugomvi wangu ni na yale maneno ya mwisho, "halafu mwache ajitegemee", kana kwamba mtu huanza kujitegemea mara tu vikwazo vikiondolewa. Kujitegemea ni ujuzi. Kuna mbinu zake na makosa yake, na hupokewa kutoka kwa aliye nao kwa kukaa naye, kumtazama, kujaribu mbele yake na kukosolewa. Kijana asiye na ulemavu anao watu hao kila upande bila hata kuwatafuta: kaka, shangazi, fundi wa mtaani, jirani mwenye duka. Kijana mwenye ulemavu mara nyingi yuko peke yake wa namna yake nyumbani, shuleni na kijijini. Hajawahi kumwona mtu mzima mwenye mwili kama wake akienda kazini, akilipa kodi ya chumba, akibembeleza mtoto. Tunamtaka aubuni utu uzima wake peke yake, na akichelewa tunasema hana juhudi.

Ninachodai ni kwamba kila kijana mwenye ulemavu apate mlezi. Nina maana ya mtu aliyemtangulia katika njia hiyo hiyo, ikiwezekana mwenye ulemavu kama wake, atakayekuwa naye kwa miezi, akimfundisha mambo madogo madogo hadi kijana aondoke mwenyewe. Wenye hoja ya kifaa wanaliona jambo hili kuwa pambo la kuongezwa fedha zikibaki. Nasema bila hilo, kifaa na mtaji vinapotea bure.

Tuanze na kiti chenyewe, kwa kuwa ndicho kinachopigwa picha. Mfikirie kijana wa miaka 19 aliyeanguka mnazini au aliyegongwa akiwa kwenye bodaboda, uti wa mgongo ukaumia, miguu ikafa ganzi. Kiti amepata, na kama ana bahati kimepimwa na fundi aliyesoma TATCOT, chuo kilicho kando ya Hospitali ya KCMC, Moshi, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu miaka ya 1980. Sasa anatakiwa kuishi. Makalio yake hayasikii maumivu. Asipojiinua kwa mikono kila baada ya muda mfupi, ngozi inakufa taratibu bila yeye kujua, kidonda kinafunguka, na kidonda hicho kikifika mfupani kinaweza kumuua. Hospitali ilimweleza hayo, lakini ilimweleza akiwa kitandani. Nani atamwonyesha namna ya kujiinua ndani ya daladala iliyojaa, au katikati ya ibada, au mbele ya watu watatu wanaomsaili kwa ajili ya kazi, bila kuona aibu? Nani atamfundisha kupanga saa za kunywa maji na saa za kutoa mkojo kwa katheta ili aweze kukaa kutwa nzima mbali na nyumbani, aweke nini kwenye mkoba, aulize nini kuhusu choo kabla hajakubali mwaliko wa harusi? Kuna namna ya kuinua magurudumu ya mbele ili upande ngazi ya duka. Kuna namna ya kumwelekeza mpita njia akuvushe mtaro bila kung'oa sehemu ya kiti. Kuna namna ya kuzungumza na konda anayetaka nauli ya watu wawili. Na kuna namna ya kuanguka. Hili la kuanguka linatangulia mengine yote, kwa sababu anayeogopa kuanguka hatoki nje, na sijui mama atakayekubali kumfundisha mwanawe kuanguka.

Mtu aliyeishi kwenye kiti miaka 20 anayafundisha haya uani, kwenye vumbi, kwa majuma machache. Nchini Sweden waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1976 watumiaji wa viti waliunda kundi liitwalo Rekryteringsgruppen, wakawa wanawafuata majeruhi wapya na kuwapeleka kambini kufundishwa, na mwalimu naye yuko kwenye kiti. Mtindo huo umeenea katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika. Majeruhi anapomwona mwalimu wake akijihamisha kutoka kwenye kiti kwenda kitandani, akibishana kuhusu Simba na Yanga, akipigiwa simu na mwanawe kuhusu ada ya shule, anapata habari ambayo daktari hawezi kumpa hata akiwa na upole wa namna gani. Anajua kwamba baada ya ajali watu wanaishi. Kujiamini kwa kweli ni huko, kunakotokana na ushahidi uliouona kwa macho yako.

Watetezi wa hotuba za hamasa watanijibu kwamba ushahidi wanautoa, tena wa hali ya juu: wanatuletea mashujaa. Ni kweli wapo. Mwaka 2010 Salum Khalfani Bar'wani alichaguliwa mbunge wa Lindi Mjini, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda kiti cha jimbo Tanzania, katika miaka ambayo watu wenye ualbino walikuwa wakiwindwa na kukatwa viungo. Dkt. Abdallah Possi, mwanasheria, naye mwenye ualbino, aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015 na baadaye akawa balozi nchini Ujerumani. Mtoto wa Lindi aliyekuwa amefichwa ndani kwa hofu, akaona bango la mgombea mwenye ngozi kama yake, alipata kitu ambacho wazazi wake hawakukipata utotoni. Siwezi kulipunguzia hilo uzito.

Lakini bango halijibu maswali. Binti mwenye ualbino wa darasa la sita anashindwa kusoma ubaoni kwa sababu ya macho yake. Mwalimu amemwambia ni mzito wa kuelewa, naye ameamini. Anamhitaji mwanamke wa kata ile ile atakayemwambia: mimi nilikuwa hivyo hivyo, nikahamia dawati la mbele, nikawa nanakili kwenye daftari la jirani, nikadai mtihani wa maandishi makubwa, na walipokataa nilikwenda na baba kwa mwalimu mkuu, nawe Jumatatu tutakwenda wote. Anahitaji kuonyeshwa kofia ipi inafunika shingo, mafuta ya jua yanapakwa saa ngapi, na namna ya kujibu akiitwa jina la kashfa sokoni. Mbunge hana muda wa hayo, na wala si kazi yake.

Mashujaa wana kasoro nyingine, na hii inaniudhi zaidi. Wanamfunza kijana kwamba nafasi yake duniani inapatikana kwa kuwa wa ajabu. Apate medali, aimbe, aingie bungeni, ndipo atasamehewa ulemavu wake. Kijana mwenye akili ya kawaida na ndoto ya kufungua genge la mboga anasikiliza hotuba hiyo na kujiona ameshindwa mara mbili, kwanza kwa mwili, pili kwa kutokuwa shujaa. Watu wazima wasio na ulemavu hawabebeshwi mzigo huu. Hakuna anayewaambia wauza mboga kwamba lazima washinde Olimpiki ili wastahili heshima. Ndiyo maana mlezi anayefaa ni mtu wa kawaida kabisa: mshona viatu, karani, mama ntilie, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye maisha yenye madeni na furaha kama ya jirani yake yeyote. Kijana anamtazama na kusema, hili naliweza.

Kwa viziwi hoja ya kifaa inadhoofika kuliko kwingine kote. Walio wengi sana wanazaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua lugha ya alama. Mtoto anakua na ishara chache za nyumbani, za chakula, za choo, za kuitwa. Akifika shule ya viziwi, iwe ya Buguruni au ya Tabora, mara nyingi akiwa amekwisha kuchelewa, ndipo anapokutana na lugha kamili kwa mara ya kwanza, na anaipata kwa wenzake na kwa watu wazima viziwi zaidi kuliko kitabuni. Kabla ya hapo hakuwa na njia ya kuuliza bibi yake aliyezikwa amekwenda wapi. Kwa mtoto huyu, kiziwi aliyemtangulia ndiye anayemletea lugha ya kufikiria. Kenya imefika mahali pa kuifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge katika Katiba ya 2010. Ni ushindi mkubwa. Hata hivyo kijana wa kijijini anahitaji kiziwi mmoja wa karibu kabla hajamhitaji mkalimani wa Bunge.

Historia ya elimu ya viziwi barani mwetu inathibitisha hili. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, Washington, mwaka 1954. Mwaka 1957 alifika Ghana na kufungua shule. Alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987, alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi mbalimbali za Afrika. Wapo wanaomlaumu kwa kuleta lugha ya alama ya Kimarekani na kuzisogeza kando lugha za wenyeji, na lawama hiyo ina msingi. Ila tazama namna alivyofanya kazi. Aliwachukua vijana viziwi ambao jamaa zao walikuwa wamekata tamaa nao, akawafundisha, kisha akawafanya walimu na wakuu wa shule zilizofuata. Mtoto kiziwi aliingia darasani akamkuta mtu mzima kiziwi ameshika chaki. Serikali na misheni zilizokuwa na fedha nyingi kumshinda hazikuwa na kitu hicho cha kumpa mtoto.

Sasa nije kwenye pingamizi linalotolewa na watu makini, ninaowaheshimu. Wanasema ulezi unazalisha utegemezi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kijana aliyeshikwa mkono muda mrefu hatajua kutembea mwenyewe. Nimelitafakari pingamizi hili na naona linachanganya mambo mawili, kufanyiwa na kuongozwa.

Henry Wanyoike wa Kenya alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, akiwa bado kijana, baada ya kupata kiharusi. Mwaka 2000 alisimama kwenye mbio za mita 5000 za Paralimpiki, Sydney. Mkimbiaji asiyeona hukimbia akiwa ameunganishwa na mwongozaji kwa kamba fupi ya mkononi. Sheria za mbio hizo zinamkataza mwongozaji kumvuta mkimbiaji, na zinataka mkimbiaji ndiye atangulie kuvuka mstari. Kazi ya mwongozaji ni kuwa macho na kukaa kando. Karibu na mwisho, mwongozaji wa Wanyoike aliishiwa nguvu. Wanyoike, ambaye wote waliokuwa uwanjani walidhani ndiye anayetegemea, akamkokota mwongozaji wake hadi mwisho na kuchukua dhahabu. Wanaoogopa utegemezi wajiulize: Wanyoike angekimbia vipi bila mtu kando? Na mtu huyo kando alimpunguzia nini katika nguvu zake? Ulezi unaofuata sheria ile, kukaa karibu bila kuvuta na kumwachia kijana atangulie, haudekezi mtu.

Pingamizi hilo pia linadhani kujitegemea maana yake ni kufanya kila kitu kwa mikono yako. Ed Roberts wa California alipata polio mwaka 1953 akiwa na miaka 14. Hakuweza kuvaa wala kula bila msaada, na usiku alilala ndani ya mashine ya chuma iliyomsaidia kupumua. Idara ya jimbo iliyopaswa kumgharamia masomo ilimwona mlemavu kupita kiasi, mtu asiyeweza kuajirika. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wenzake wenye ulemavu mkubwa wakamfuata, wakawa wanafundishana namna ya kuajiri wasaidizi, kuwaelekeza na kuwafukuza kazi wasiofaa. Mwaka 1972 waliotoka katika kundi hilo walianzisha kituo cha maisha ya kujitegemea, na moja ya huduma zake kuu ilikuwa watu wenye ulemavu kuwashauri wenzao. Mwaka 1975 gavana alimteua Roberts kuongoza idara ile ile. Mtu aliyevalishwa nguo kila asubuhi alikuwa anajitegemea kuliko wengi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeamua anavaa nini, anakwenda wapi na nani anamsaidia. Uamuzi ndio unaofundishwa, na anayeufundisha vizuri ni aliyewahi kunyang'anywa.

Wazazi ni wagumu zaidi kuwajibu, kwa sababu wanazungumza kwa upendo. Mama amemlea mtoto mwenye ulemavu wa kupooza ubongo kwa miaka 17, amembeba mgongoni hadi kliniki, ameachwa na mume kwa ajili yake. Leo unamwambia amwache apande bajaji peke yake? Hofu yake ina sababu. Barabara ni mbaya, watu ni wabaya, na akiumia ni yeye atakayekesha hospitali. Majirani nao wamekwisha kumpa methali ya kumfunga mikono, hujafa hujaumbika, ambayo inamfundisha asiye na ulemavu kuogopa yatakayompata na haimwambii chochote yule ambaye tayari yamempata. Simlaumu mama huyu. Nasema tu kwamba kumtaka yeye peke yake amfundishe mwanawe kuthubutu ni kumtaka afanye kazi ambayo upendo wake haumruhusu kuifanya.

Na watu wa pwani walilijua hili zamani. Binti akipevuka hakuachiwa mama peke yake. Alitafutiwa somo, mwanamke wa nje ya mama, aliyemweleza mambo ya mwili, ndoa na heshima ambayo mama angeona haya kuyatamka. Wavulana nao walipelekwa jandoni chini ya watu waliopewa kazi hiyo. Hatujawahi kuamini kwamba mtu huwa mtu mzima kwa kuachwa. Iweje tuanze kuamini hivyo kwa yule anayehitaji mafunzo zaidi?

Katika nyumba nyingi, binti mwenye ulemavu ndiye anayerukwa. Wenzake wanachezwa unyago, yeye anabaki ndani, kwa sababu hakuna anayemtarajia kuolewa. Hajaelezwa hedhi mpaka imemkuta. Hajaelezwa kwamba mwili wake ni wake, wala maneno ya kutumia mtu akimgusa pasipostahili. Wakatili wanajua hivyo. Wanajua kwamba aliyefungiwa ndani hana wa kumwambia, na akisema hataaminiwa. Mlango uliofungwa ili kumlinda umemwacha bila kinga yoyote. Binti huyu anahitaji somo, na anayefaa ni mwanamke mwenye ulemavu aliyependa na kupendwa, aliyezaa au aliyeamua kutozaa, aliyewahi kumkataa mwanaume na aliyewahi kukataliwa. Binti atamuuliza maswali ambayo hatamuuliza nesi. Kwangu mimi, hii ndiyo sehemu ya ulezi isiyoweza kusubiri hata mwaka mmoja, na ndiyo ambayo mipango yetu inaipita kimya kimya kwa sababu inaona haya.

Wapo wataalamu wanaosema kazi hii iachiwe waliosomea: mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwalimu wa elimu maalumu aliyetoka chuo cha ualimu cha Patandi, afisa ustawi wa jamii. Tunawahitaji wote, na ni wachache mno. Lakini elimu ya darasani ina mipaka. Louis Braille alikuwa kijana asiyeona wa miaka 15 alipobuni maandishi ya nukta nundu, mwaka 1824. Walimu wanaoona wa taasisi yake ya Paris walipendelea herufi za kawaida zilizochomozwa, kwa kuwa wao waliweza kuzisoma kwa macho, na taasisi haikuukubali rasmi mfumo wake hadi 1854, miaka miwili baada ya kifo chake. Wanafunzi wasioona ndio waliouweka hai kwa kufundishana. Waliujua ukweli kwa ncha za vidole vyao. Jambo hili si siri tena. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, katika ibara ya 26 unazitaka nchi zichukue hatua za kumwezesha mtu kujitegemea, na unataja waziwazi msaada wa watu wenye ulemavu kwa wenzao. Tumesaini, lakini katika mipango yetu msaada huo haupewi nafasi.

Sitaki kueleweka kwamba kila mwenye ulemavu anafaa kuwa mlezi. Wapo waliojaa uchungu ambao watamwambukiza kijana chuki. Wapo wanaotaka wafuasi, na kijana akianza kupaa wanamkata mabawa. Na penye mtu mzima na kijana dhaifu, mnyanyasaji hutafuta nafasi, awe na ulemavu au asiwe nao. Kwa hiyo ulezi uwe wa hadharani. Chama kimdhamini mlezi, wazazi wamjue, wakutane mahali penye watu, kijana awe na mtu wa pili wa kumweleza mambo yakienda kombo. Muda wa mwisho uwekwe tangu siku ya kwanza, ili wote wajue kwamba lengo ni kuachana.

Tena kufanana kwa ulemavu hakupatikani kila mara. Kijana mwenye ulemavu wa akili huenda asimpate mlezi wa namna yake karibu, na mtu mwenye subira asiye na ulemavu anaweza kumfundisha njia ya basi, kushika fedha zake, kupiga simu akipotea. Sharti libaki lile lile: uamuzi uwe wa kijana, hata ukiwa mdogo kama kuchagua shati. Hata Neema Crafts, karakana ya Iringa iliyoanza mwaka 2003 na vijana viziwi watatu waliokuwa wakitengeneza karatasi, ilianzishwa na mama wa Kiingereza asiye kiziwi, ingawa naye ana ulemavu wake. Pale kazi ilikua kwa sababu aliyejifunza alimfundisha aliyefuata, na mgahawani mwao mteja ndiye anayelazimika kujifunza kuagiza chai kwa alama au kwa kuandika.

Inabaki hoja ya fedha. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Nchini Kenya Katiba inataja asilimia 5 katika nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa. Kwenye karatasi tumefika mbali. Kisha kijana aliyekulia ndani, ambaye hajawahi kwenda dukani kununua chumvi, anakabidhiwa fedha za kikundi na kuambiwa afanye biashara. Hajui kukadiria bei, anaogopa kumdai mteja, na asiyeona hajafundishwa hata kukunja noti zake kwa namna tofauti ili azitambue mfukoni. Mtaji unakwisha, deni linabaki, na ofisini wanahitimisha kwamba watu hawa hawakopesheki. Mwajiri naye anasema hapati wenye sifa, na anayempata anaacha kazi mwezi wa tatu kwa sababu hakuna aliyemwonyesha namna ya kumwambia bosi kwamba ngazi zile zinamshinda. Mmoja aliyewahi kulipa mkopo, mmoja aliyewahi kubaki kazini, angekaa naye miezi sita, na deni lile lingelipwa.

Wala walezi hawakosekani. Vyama vilivyo chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu Tanzania, vina wanachama waliouza, waliofundisha, waliolea na waliostaafu. Zanzibar upo Umoja wa Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 1985. Ujuzi umelala kwa watu ambao hakuna anayewauliza. Wanapoulizwa, wanaombwa wajitolee. Mwezeshaji wa semina ya siku tatu, ambaye huenda hajawahi kushika fimbo nyeupe, analipwa posho, chumba cha hoteli na nauli ya kwenda na kurudi. Mama asiyeona anayesafiri mara mbili kwa juma hadi kata ya pili, akamfundisha binti wa watu kuvuka barabara, kupika kwa mkaa bila kuungua na kuhesabu chenji, anapewa cheti cha shukrani. Kazi yake ni ngumu kuliko ya mwezeshaji na matunda yake yanaonekana mapema. Afisa maendeleo ya jamii anayeandaa bajeti ya mwaka ujao aandike mstari wa malipo ya mama huyo, juu ya mstari wa semina.